Pa, Ku, Mu: Kolwezi Ndani ya Ramani ya Simu

Kolwezi hatuulizani anwani, tunaulizana fasi. "Uko fasi gani?" ndilo swali, na jibu lake karibu kila mara lina silabi moja kati ya tatu: niko pa mulango, niko ku soko, niko mu nyumba. Wenzangu mliokwisha kupita somo la mofolojia ya Kibantu mtazitambua mara moja: ngeli ya 16, ya 17 na ya 18. Kiswahili sanifu kimezitunza katika upatanisho, ndiyo maana tunasema nyumbani pake, nyumbani kwake na nyumbani mwake, na kila moja ina maana yake. Lakini kwenye nomino yenyewe kimeziacha na kuweka -ni mwishoni. Kiswahili cha Katanga, kilichokulia kati ya Kisanga, Kiluba, Kiruund na Kibemba, kimeendelea kuziweka mbele ya nomino. Walimu wetu wa shule ya msingi walilipigia "ku soko" mstari mwekundu. Katika kitivo hiki nimejifunza kuliita mfumo.

Naanza na sarufi kwa sababu kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikifikiri juu ya jambo linaloonekana kuwa mbali nayo: ramani za simu, zile ambazo unaandika "hoteli" au "famasi" na kupewa orodha ya nukta zenye majina, saa za kufungua, picha na nyota. Wengi huzungumza juu yake kama jambo la mitambo na setilaiti. Mimi naliona kuwa la lugha kwanza. Kila nukta katika ramani ile ni kitendo cha kuita. Mtu fulani ameamua mahali hapa paitwe nini, kwa lugha gani, kwa tahajia gani. Na mtu mwingine atapapata au hatapapata kulingana na neno atakaloliandika.

Mji wetu si mgeni wa ramani. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kabla ya hapo Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilikuwa imekwisha kutuma wapimaji wake kuchora milima na mito, na baadaye ikachapisha Atlasi ya Katanga kipande kwa kipande. Majina yaliwekwa na kuondolewa na wenye mamlaka. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi. Jimbo likaitwa Katanga, halafu Shaba, halafu Katanga tena, na mwaka 2015 likagawanywa, sisi tukawa Lualaba. Jina la Kolwezi lenyewe limepita katika yote hayo bila kuguswa, na hata limeingia ndani ya mawe: kuna madini yanayoitwa kolwezite, yaliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1980, na mengine yanayoitwa kamotoite, kutokana na Kamoto. Mtaalamu wa madini wa Ulaya ambaye hajawahi kukanyaga hapa hutamka majina yetu anapofungua kabati lake la vielelezo.

Kuna ramani nyingine ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliigawa nchi nzima katika miraba, kila mmoja ukiwa na upande wa sekunde 30 za digrii, yaani karibu hekta 85. Ofisi ya kadastra ya madini huweka vibali vyote katika ramani hiyo, na kila kibali kina namba na jina la mwenye nacho. Sheria hiyohiyo inasema kuwa madini ni mali ya Dola, na kwamba haki juu ya madini ni kitu tofauti na haki juu ya ardhi iliyo juu yake. Kwa lugha ya sarufi yetu, pa ina mwenyewe na mu ina mwenyewe mwingine. Mtu anaweza kuwa na karatasi za kiwanja pale alipo, na humo ndani chini ya sakafu yake mkawa na mali ya mtu asiyemjua.

Wakazi wa Kasulo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu, na mashimo yakachimbwa uani, karibu na jiko, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa uzio. Ukitazama picha za setilaiti za miaka hiyo kwa kufuatana, utaona mapaa, halafu mapaa na maturubai, halafu udongo mwekundu. Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapahapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu katika eneo letu, na picha za setilaiti zilikuwa miongoni mwa ushahidi wao. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ramani ni mchezo wa vijana wenye simu kubwa. Hapa kwetu kuonekana au kutoonekana katika ramani ni neno zito.

Lakini setilaiti huona paa tu. Haijui kwamba chini ya paa lile palikuwa na mtu anayeuza bukari mchana, na pembeni yake mtu anayetengeneza redio. Kujua hilo kunahitaji mtu aandike.

Duniani kuandika huku kulianza kwa kasi karibu wakati mimi nilipokuwa mtoto mchanga. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, ikiwa ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Google Maps ilitoka mwezi wa Februari 2005. Miaka michache baadaye, kuanzia 2008, Google iliwafungulia wananchi wa nchi ambazo hazikuwa na ramani nzuri programu ya kuchora barabara zao wenyewe, ikaifunga mwaka 2017. Nairobi, mwaka 2009, vijana wa Kibera walichora mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu, na mradi wao ukaitwa Map Kibera. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, wakachora njia, mitaro na nyumba katika maeneo yanayofurika wakati wa mvua. Nawataja hawa kwa sababu wengi wao walikuwa wanafunzi kama sisi.

Kolwezi, mapinduzi hayo yalifika pamoja na wageni. Bei ya kobalti ilipopanda, mji ulijaa watu ambao hawana shangazi wala rafiki wa kuwaelekeza: wahandisi, madereva wa malori kutoka Zambia na Tanzania, wafanyabiashara wa Kichina, vijana wa Kasai na Kivu. Mwenyeji humwuliza dereva wa pikipiki, yule tunayemwita manseba, na manseba anajua. Mgeni huiuliza simu. Na simu inajua nini? Inajua hoteli, maduka makubwa, benki, mikahawa yenye ubao wa taa. Inajua kile ambacho mtu mwenye muda, megabaiti na Kifaransa kizuri amekiandika humo. Hivyo pesa ya mgeni hufuata njia ya nukta, na nukta nyingi si za watu wa mtaa.

Mama yangu mdogo ni fundi wa kushona. Anashona inifomu za shule, bikwembe vya harusi, na salopeti za wafanyakazi wa migodini. Salopeti ndizo zinazolipa. Aliwahi kuhamishwa mara moja, kutoka mtaa ambao sitautaja hapa. Waliokuja kuhesabu mali walihesabu kuta, mabati na mti wa embe. Wateja hawakuhesabiwa, kwa kuwa hakukuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba palikuwa na wateja. Alipofungua tena upande mwingine wa mji, alianza na mashini mbili na majirani wasiomjua. Kwa miezi mingi wateja wa zamani walikuwa wakienda kule kwa zamani, wanakuta uzio, wanarudi.

Kiangazi kilichopita aliniita. Alikuwa amesikia kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jirani yake, amepata mteja kutoka Fungurume kwa njia ya simu. Akaniomba nimwingize "mu ile karte". Nilikubali haraka, kama mtoto anavyokubali kazi nyepesi. Tukakaa pa mulango, nikafungua programu, na kisanduku cha kwanza kilikuwa: Jina.

"Mama mudogo, tuandike jina gani?"

"Andika ile ya ku mulango."

Ku mulango, kwa rangi ya buluu, pameandikwa "Couture La Bénédiction". Nikamwuliza: "Na bantu banakuitaka namna gani?"

"Banasemaka paka kwa Mama Mapasa."

Mapasa ni mapacha. Ana binamu zangu wawili waliozaliwa siku moja. Nikamwambia basi tuandike hilo. Akatikisa kichwa.

"Ile haiko jina ya kazi. Ile ni jina ya mimi."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya majina ya mahali, na bado sijaona mahali tatizo limeelezwa kwa maneno machache hivyo. Kwake kuna majina ya aina mbili. La kwanza ni la Kifaransa, la rangi, la kutazamwa. Linaonyesha kwamba mwenye duka ni mtu wa heshima na wa sala, kwamba ana biashara. Hakuna anayelitamka. La pili ni la Kiswahili, la mdomo, na ndilo linalofanya kazi yote ya kuwaleta watu mlangoni. Hakuna anayeliandika. Ramani ya simu ilikuwa na nafasi moja tu.

Nilijaribu kutafuta "La Bénédiction" kabla ya kuandika chochote. Nilipata kanisa, duka la dawa, karakana ya magari na mahali pa kuuza maji, Kolwezi na Lubumbashi. Jina la baraka lina wenyewe wengi. Google wenyewe hueleza kwamba matokeo ya utafutaji wa mahali hupangwa kwa mambo matatu: jinsi neno linavyolingana na ulichotafuta, umbali, na umaarufu wa mahali. Kwa mashine, umaarufu ni viungo, maoni na nyota. Kwa mtaa wetu, umaarufu ni manseba wangapi wanajua bila kuuliza. Mama mdogo kwa kipimo cha pili ni mtu mashuhuri. Kwa kipimo cha kwanza hakuwapo duniani.

Kisanduku cha pili kilikuwa aina ya biashara, na hapo unachagua kutoka orodha iliyokwisha kutengenezwa. Kwa Kifaransa kulikuwa na mshonaji wa nguo za kike, mshonaji wa suti, mtu wa kurekebisha nguo, duka la sare. Yeye ni vyote vinne. Kiswahili kina neno "fundi", neno lenye hekima: linataja ujuzi kwanza, halafu unaongeza kitu kinachofanyiwa kazi. Fundi wa kushona, fundi wa redio, fundi wa mabati. Orodha ile ilianza na duka, si na mtu. Hata ukigeuza lugha ya simu kuwa Kiswahili, utakutana na maneno ya Dar es Salaam. Mteja wa Dar ataandika "fundi cherehani". Mteja wa Kolwezi hatumii neno cherehani, ataandika "mashini ya kushona", au ataandika kwa Kifaransa, au, mara nyingi zaidi, atatuma ujumbe wa sauti kwa dada yake. Kile kinachoitwa Kiswahili katika simu ni lahaja moja ya Kiswahili, nasi tunaojifunza isimu tunapaswa kulisema hilo bila hasira na bila aibu.

Kisanduku cha tatu kilikuwa anwani. Mji wetu una avenue na namba, na kila mwenye kitambulisho ana anwani iliyoandikwa: namba, avenue, mtaa, komuni ya Dilala au Manika. Anwani hiyo hukaa katika karatasi. Mama mdogo ilimbidi afungue sanduku kuitafuta namba yake. Lakini uliza njia, atakuambia: "Utafika ku arrêt, utafwata barabara ya kanisa, utaona muti mukubwa, hapa njo pangu." Hayo ni maelekezo kamili, na yanafuata mpangilio: kwanza ku, eneo pana, mwisho pa, mahali hasa. Ramani ya simu huanza na kumalizia na pa. Inakupa nukta, halafu inakuchorea mstari wa kukufikisha. Mtu akikosea njia kidogo hana mti wa kumshika mkono.

Kisha kulikuwa na uthibitisho. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya Google ya kuthibitisha kwamba biashara ipo ilikuwa kutuma kadi yenye namba ya siri kwa posta, jambo ambalo katika mji usio na mleta barua lingekuwa kichekesho. Siku hizi programu za namna hii mara nyingi huomba video: onyesha barabara, onyesha ubao, onyesha vifaa vya kazi, fungua mlango kwa ufunguo ili ijulikane kuwa ni wako. Tulipiga video hiyo mara mbili. Mara ya kwanza watoto wa jirani walijaa mbele ya kamera. Mara ya pili mama mdogo alivaa kikwembe chake kizuri, akafunga mlango, akaufungua tena taratibu, akaelekeza kidole kwenye mashini moja moja na kuitaja. Sikuwa nimetegemea kwamba jambo hili lingenigusa. Huko alikotoka hakuna aliyemwomba aonyeshe kwamba anafanya kazi.

Lakini kabla sijabonyeza kutuma, aliuliza swali lililonisimamisha: "Na bantu ba taxe nabo bataona?"

Nikamwambia ukweli: ndiyo, wao pia wataona. Kuonekana hakuchagui macho. Ramani inayomleta mteja wa Fungurume inaweza pia kumleta mtu wa kodi, mwizi, au mtu anayepima mtaa kwa nia ambayo hatuijui. Katika eneo ambalo ardhi ina wenyewe wawili, kuwekwa katika ramani kunaweza kuwa ushahidi wa kwamba ulikuwapo, na kunaweza pia kuwa njia ya kukufikia. Ndiyo maana sijawahi kuweka wala sitaweka nukta kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo au mahali wanapolala. Wao wana majina yao ya mashimo, mazuri sana kwa mwanaisimu, na wana sababu zao za kuyaweka mdomoni.

Mama mdogo alifikiri kwa muda wa kushona mkono mmoja wa shati. Halafu akaamua mwenyewe: jina liwe "Mama Mapasa, Couture La Bénédiction", kwa mpangilio huo, yeye mbele na baraka nyuma, namba ya nyumba isiandikwe, namba ya simu iandikwe. Nilimwuliza kwa nini amebadilisha mawazo juu ya jina. Akasema wateja waliompotea hawajui kusoma ubao ambao hawajawahi kuuona.

Jibu lake lilinirudisha kwenye sarufi. "Kwa" tunayoitumia katika "kwa Mama Mapasa" ni ku- ya ngeli ya 17 pamoja na -a ya uhusiano: mahali pa mtu fulani. Kiswahili kinaweza kulifanya jina la mtu kuwa mahali bila kuhitaji ukuta, namba wala ubao. Na mahali pa namna hiyo panahama pamoja na mwenyewe. Mtaa ukivunjwa, avenue inafutika, namba inafutika, mti unakatwa, lakini "kwa Mama Mapasa" inabebwa kama mashini juu ya mkokoteni na kushushwa mahali pengine. Nukta ya ramani haina uwezo huo mpaka mtu aihamishe. Watu waliohamishwa hamishwa wameitunza sarufi hii kwa sababu imewafaa.

Mambo yaliyofuata ni madogo, na ninayaandika kama yalivyo. Katika miezi mitatu alipigiwa simu na watu saba ambao hakuwajua. Mmoja alikuwa mnunuzi wa kampuni ndogo ya usafiri, aliyetaka salopeti 30. Zile pekee zilimlipia kodi ya chumba. Wawili walitaka duka la dawa. Mtu wa ushuru alipita mwezi wa pili, na hatutajua kama alikuja kwa ramani au kwa miguu, kwa maana mwaka uliotangulia pia alipita. Na mmoja alikuwa mteja wake wa mtaa wa zamani, mama aliyekuwa akidhani mama mdogo amerudi kijijini. Alikuwa ameandika katika simu ya mwanawe maneno mawili: Mama Mapasa. Walizungumza karibu saa nzima, hakuna aliyeshona kitu.

Mhadhiri mmoja niliyemsimulia habari hii alinipa pingamizi la maana. Alisema majina ya mdomo ni hai kwa sababu hayaandikwi. Leo mahali panaitwa kwa mti, kesho kwa ajali iliyotokea pale, na kuyagandisha katika ramani ni kuyafanya kama Jadotville, jina la mtu mmoja juu ya watu wengi. Nimelifikiria sana. Ni kweli kwamba kila uandishi unachagua. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili chenyewe kilivyochukuliwa na kupangwa hapa Katanga ili kuwa lugha ya kuamrisha kazi. Hatuna sababu ya kudhani kuwa kampuni za ramani zitatuwekea majina kwa upole zaidi kuliko kampuni za migodi.

Ila kutoandika nako ni kuchagua. Nafasi haibaki tupu. Ikiwa sisi hatuandiki, mwingine ataandika, kwa tahajia yake. Tazama jinsi mtaa uleule unavyoandikwa Musonoi na Musonoie, na simu inavyoweza kuyahesabu kuwa maneno mawili. Tena mji wa Katanga kujiandika wenyewe si jambo jipya. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, aliandika "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, historia ya mji kwa Kiswahili cha mji, kwa tahajia ambayo hakuna shule ingeikubali. Leo wasomi wanaisoma kwa heshima. Watumishi wale hawakungoja mtu awasanifishie lugha kwanza.

Kuhusu jina kuganda, mitambo yenyewe inatoa njia. OpenStreetMap, tofauti na kisanduku kimoja nilichokutana nacho, ina nafasi ya jina rasmi, jina la zamani, jina la wenyeji, jina mbadala, na jina kwa kila lugha. Mahali pamoja panaweza kubeba yote, na mtu akitafuta kwa lolote kati ya hayo yaliyoandikwa ana nafasi nzuri ya kufika. Kinachokosekana si nafasi. Kinachokosekana ni watu wanaoyajua majina hayo na wenye subira ya kuyauliza vizuri: ya ubao, ya mdomo, ya zamani, na kama mwenyewe anataka yaandikwe. Hiyo ni kazi ya isimu ya nyanjani, ile tunayofundishwa darasani na kuifanyia mazoezi kwa orodha za maneno mia moja ya msingi. Tungeweza kuifanya kwa majina ya mitaa yetu.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kitivo. Likizo ijayo, wanafunzi wanane hadi kumi, wawili wawili, mtaa mmoja wa Manika na mmoja wa Dilala. Kila jozi iwe na mmoja anayejua mtaa na mmoja anayejua kuandika fonetiki. Tuulize kila mwenye kibanda maswali manne tu: ubao unasema nini, watu wanasemaje, palikuwa paitwaje kabla yako, na je, tukuandike? Jibu la swali la nne likiwa hapana, tunashukuru na kupita. Tutarudi na ramani, na pia na mkusanyo wa maneno: mamia ya mifano hai ya pa, ku, mu na kwa, jinsi zinavyotumika na watu ambao kila siku wanalazimika kueleza mahali. Wenye nia ya tasnifu juu ya virai vya mahali watapata humo data ambayo, nijuavyo mimi, maktaba yetu haina.

Wanaotaka kujiunga waache majina yao kwa katibu wa jarida hili kabla ya mitihani. Waje na simu yenye chaji, daftari la kawaida kwa siku umeme utakapokatika, na viatu visivyoogopa vumbi jekundu. Wanaojua kushona vifungo watapokelewa kwa furaha ya pekee. Kuna fundi mmoja aliyezidiwa na salopeti.